Banda Lililolala Chali

Walisema sitaweza. Wa kwanza kulisema hilo alikuwa kaka yangu mwenyewe, tumbo moja, akiwa amekaa barazani kwake na sahani ya maharage mapajani.

Nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam siku hiyohiyo. Nilirudi na diploma ya ugavi, suti moja ya kijivu, redio kaseti ya spika mbili, na toroli la chuma ambalo lilisafiri juu ya basi mpaka Mbinga huku abiria wakiuliza ni la nani. Nikawajibu ni langu. Shirika nililolifanyia kazi boharini lilikuwa limebinafsishwa, nami nikaona na mimi nijibinafsishe. Nikampakia mke wangu na binti yetu, tukapanda milima mpaka kijijini kwetu, upande wa Mkumbi, mahali ambapo kahawa inaota kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha chungwa utalifuata kwa jirani.

Kaka alinitazama kuanzia viatu mpaka kola, akamgeukia mke wangu.

"Shemeji, huyu mdogo wangu tangu utoto hajawahi kumaliza hata shimo moja la ngolo. Anachimba upande mmoja, anakwenda kunywa maji, harudi."

Ngolo ni mashimo tunayolimia huku kwetu ili mvua isiondoke na udongo. Mtoto wa Kimatengo asiyejua kuyachimba ni kama mtoto wa ziwani asiyejua kuogelea. Maneno yalikuwa mazito, na mke wangu, ambaye ni wa ziwani, akacheka mpaka akaziba mdomo na khanga.

"Kaka, diploma haichimbi," nikamwambia. "Diploma inapanga."

"Basi ipange. Ianze na kitu kidogo. Lakini nakuambia, wewe hata banda la kuku hutaliweza."

Jirani yetu, katekista wa kigango, alikuwa amepita kusalimia. Akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mtu anayesikia habari za msiba, akasema, "Banda la kuku lina pembe nne, Bwana Diploma." Tangu siku hiyo kijiji kizima kikaniita Diploma. Wao walidhani wananikejeli. Mimi nililipokea jina hilo kama linavyopaswa kupokelewa, kwa sababu nilikuwa nalo peke yangu.

Sikujua kwamba banda lenyewe lilikuwa njiani linakuja.

Binti yangu aliingia darasa la tano katika shule ya pale kijijini. Mwalimu wa kilimo alikuwa ametoa agizo kwamba kila mwanafunzi wa darasa hilo awe na mradi wake nyumbani: bustani, sungura, nyuki au kuku. Kabla ya likizo ya Juni atapita nyumba kwa nyumba kukagua. Atakayekutwa mradi wake haujakaa sawasawa, mifugo yake itahamishiwa kwenye banda la shule "kwa usalama."

Hapo ndipo binti yangu alipoanza kulia.

Banda la shule lilijulikana. Kuku waliingia pale wengi, lakini hakuna aliyewahi kuonekana akitoka kwa miguu yake. Kila ukiuliza unaambiwa ni mdondo, ule ugonjwa wa kuku. Ulikuwa mdondo wa ajabu sana, maana ulikuja pamoja na wageni: akija mgeni kutoka wilayani, kesho yake kuku wawili wamekufa kwa mdondo, na jikoni kunanukia vitunguu.

"Baba," aliniambia, "mimi nataka kuku, lakini sitaki wapelekwe shule."

"Nani atakayewapeleka?"

"Banda likiwa baya watapelekwa. Na baba mkubwa anasema banda litakuwa baya."

Nikavua koti. Sisemi kwa kujisifu, nasema lilivyokuwa: tangu dakika ile hapakuwa tena na mtu pale kijijini aliyekuwa na shabaha kama yangu. Kuku wa mtoto wangu hawatakula ugali wa shule. Wala hawataliwa nao.

Sasa lazima nieleze elimu yangu, maana bila hiyo msomaji atafikiri nilikuwa naombaomba. Mtu wa kawaida akitaka kujenga anauliza: nitanunua wapi? Mtu wa ugavi anauliza: kipo wapi na kimelala? Katika kila kijiji duniani mali nyingi imelala. Nilizunguka siku moja tu nikiwa na redio begani, nikasalimia watu, nikanywa togwa, na macho yangu yakawa darini kwa wenyeji. Nilichokiona ni waya.

Wale wasioijua kahawa wavumilie. Kahawa ikishavunwa humenywa kwa mashine, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja, yaani meza ndefu za miti zenye waya wa matundu madogo badala ya ubao. Msimu ukiisha, waya huviringishwa na kuwekwa darini, na huko hukaa miezi mingi ukilala na panya. Ilikuwa wakati wa mvua, kahawa bado ni changa. Nikapiga hesabu: chama cha ushirika hufungua ununuzi baridi ikishaanza kuuma, na watu huvuna bila haraka. Mpaka hapo mwalimu atakuwa ameshakagua na kwenda zake. Ilikuwa hesabu safi. Hata leo nikiirudia naipata ileile.

Nikamwendea katekista.

"Waya nitakupa," alisema, "lakini usiukate. Kanzu ya Bwana haikupasuliwa, na waya wangu usipasuliwe. Msimu ukifika naukuta mzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho."

"Hautaguswa na mkasi," nikaapa.

Kaka alinikopesha mabati, yale yanayofunika kibanda cha mashine yake ya kumenyea kahawa. Hakunikopesha kwa mapenzi. Alisema, "Chukua. Nataka uanguke ukiwa na vifaa vyote, usije ukasema ulikosa bati." Nyundo pia ilikuwa yake, na msumeno. Miti na mianzi nilikata mwenyewe bondeni, na misumari nilinunua Mbinga.

Ujenzi ukaanza nyuma ya nyumba. Kwa kuwa waya haukatwi, ilibidi banda liufuate waya. Waya ulikuwa na upana wa kutoka ardhini mpaka kiunoni, na urefu wa kutoka jikoni mpaka mgomba wa mwisho. Basi banda likawa hivyohivyo: kimo cha kiuno, jembamba, refu kama jumuiya iliyopanga foleni. Mbele waya, nyuma mianzi, juu mabati, chini udongo. Watu wakaja kutazama.

"Hili ni banda au ni treni?" kaka aliuliza.

"Ni banda."

"Kuku wa huku mwisho wakitaka kumsalimia jogoo watapanda nini?"

Watu wakacheka. Nikaendelea kupiga misumari. Mchekaji hana nyundo, mwenye nyundo hana muda wa kucheka.

Kuhusu mlango nilifuata kanuni ya bohari: mlango uwe wa kiasi cha mzigo. Mlango mkubwa unakaribisha wezi. Mzigo wangu ulikuwa kuku, basi nikatengeneza mlango wa kuku, safi, wenye bawaba za ngozi ya kiatu. Na kuhusu waya, niliamua kuupigilia kwa ndani, kwa sababu fundi bora haonyeshi vichwa vya misumari. Nikaingia ndani ya fremu, nikawa natambaa kwa magoti, napigilia kuanzia jikoni kuelekea mgombani. Kaka naye alikuwa juu anafunga bati la mwisho, maana alisema bati zake hazipigiliwi na mtu mwingine. Nilipofika mgombani nikapiga msumari wa mwisho, nikapangusa jasho, nikaitazama kazi. Ilikuwa kazi nzuri sana. Nikatafuta pa kutokea.

Katika muda huohuo mama mkwe wangu akaingia uani.

Alikuwa ametoka Mbamba Bay na lori la samaki, kisha akapanda kwa miguu kutoka barabarani. Kichwani alikuwa na tenga lenye kuku wa mradi wa mjukuu wake, na mkononi kifurushi cha usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Ni mama mwenye heshima zake, na alishika desturi za zamani za ukoo wao: mama mkwe na mkwewe hawazungumzi ana kwa ana. Akiwa na neno, humtuma mtu wa kati, hata kama mkwe yupo hatua moja kutoka alipo. Kwa miaka yote ya ndoa yangu mama yule hakuwahi kunielekezea hata neno ana kwa ana. Mtu wa kati alikuwa binti yangu.

Nifanye nini? Heshima ni heshima. Nikapiga magoti vizuri nyuma ya waya, mikono nimeweka mapajani.

"Shikamoo mama."

Mama mkwe akasimama. Akalitazama banda mwanzo mpaka mwisho, ikamchukua muda. Kisha akageuza uso upande wa migomba kama desturi inavyotaka, na mabega yake yakawa yanatikisika.

"Mke mwenzangu," akamwita binti yangu, kama bibi anavyomwita mjukuu, "mwambie baba yako marahaba."

"Baba, bibi anasema marahaba."

"Nimesikia."

"Muulize baba yako, hawajambo huko?"

"Baba, bibi anauliza hamjambo huko?"

"Mwambie hatujambo. Tunakagua."

"Muulize baba yako," mama mkwe akaendelea, sauti imembana, "kama kuku wangu nao watakaa ndani, au ni yeye tu."

Kaka, aliyekuwa juu ya bati, akaanguka. Hakuumia, aliangukia kwenye majani ya migomba, na kule alikoangukia akabaki hapohapo akicheka kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima. Mke wangu alitoka jikoni na mwiko, akaona, akarudi jikoni. Mwishowe bati moja likafunguliwa, nami nikatokea kwa juu, kichwa kwanza.

"Wa kwanza ameanguliwa," kaka akatangaza.

Sikuona aibu. Banda ambalo mtu mzima mwenye diploma hawezi kutoka ni banda ambalo kicheche hawezi kuingia. Nilikuwa nimelifanyia majaribio kwa mwili wangu mwenyewe, na nilisema hivyo.

Mama mkwe akamkabidhi mjukuu wake mitetea watatu na jogoo mwekundu mwenye dharau. Masharti aliyatoa hapohapo, kupitia kwa mtoto. Kuku hawa si zawadi, ni wa kufugisha. Vifaranga watakapokua, nusu ni wa bibi, nusu wa mjukuu, na mitetea na jogoo hurudi ziwani. Kicheche akila hata mmoja, basi biashara imekufa. Halafu akafungua kitenge kiunoni na kutoa wavu kuukuu wa kuvulia, alioufunga huko kama mkanda safari nzima.

"Mwambie baba yako wavu huu ni wa kuazima. Ni wa marehemu babu yako. Auweke mahali patakapokuwa na tundu."

"Mwambie bibi yako banda langu halina tundu."

"Mwambie baba yako aweke tu."

Nikauweka darini, ndani ya nyumba.

Mambo yakaenda kama nilivyopanga. Mitetea wakataga, wakaatamia, wakaangua. Binti yangu alikuwa anaamka kabla ya sisi sote, analitembea banda lote kwa nje akiwahesabu vifaranga, na kwa urefu wa banda lile ilikuwa ni mazoezi ya viungo. Mtetea mmoja wa rangi ya majivu alimpenda mno, anamwendea mlangoni na kumdonoa kifungo cha sare ya shule. Mimi nilikuwa nakaa barazani, redio inaimba, nawapokea waliosema sitaweza. Nawaonyesha. Wengine niliwaonyesha mara mbili.

Kisha, kahawa ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuwa nyekundu, yakaja malori.

Hayakuwa ya chama. Yalikuwa ya wanunuzi binafsi, watu tusiowajua, wenye mizani yao na fedha taslimu ndani ya mabegi. Serikali ilikuwa imefungua biashara, kila mtu anunue. Wakasimama barabarani wakasema: atakayewahi ndiye atakayepata bei nzuri, lori la kwanza likijaa linaondoka. Katika maisha yetu yote hatukuwahi kuona mtu anayeikimbilia kahawa. Kahawa ndiyo iliyokuwa ikimsubiri mtu. Kijiji kikapata wazimu. Watu wakavuna asubuhi, wakamenya mchana, hata wazee waliokuwa wakitembea kwa mkongojo wakaonekana wakipita na ndoo, bila mkongojo.

Hesabu yangu haikukosea. Ni uchumi ndio uliobadilika katikati ya hesabu.

Asubuhi ya ukaguzi kaka akaja mapema.

"Nimefuata bati zangu. Mashine imekaa juani, na leo namenya."

"Kaka, leo mwalimu anakuja. Kuku wamo ndani."

"Mimi sikukukopesha kuku. Nilikukopesha bati."

"Ngoja mpaka mchana."

"Lori litangoja mpaka mchana?"

Akapanda, akang'oa moja baada ya jingine, akaondoka nayo kichwani yakigongana njia nzima. Banda likabaki wazi juu. Kuku wakatazama mbingu. Na mwewe, ambaye tangu niwasili alikuwa haonekani, akaonekana. Binti yangu akasimama katikati ya banda na fimbo akimtishia angani.

Kabla sijavuta pumzi akatokea katekista, nyuma yake mke wake na watoto wao, kila mmoja na debe la kahawa iliyokwisha kumenywa na kuoshwa, maji yanachuruzika. Alikuwa anahema.

"Bwana Diploma, waya wangu. Kahawa hii ikikaa kwenye debe mpaka jioni itachacha, itanuka, na hakuna atakayeinunua."

"Katekista, nusu saa tu."

"Yule mnunuzi hajui nusu saa."

Na kutoka nyumba ya jirani wa juu tukasikia sauti ya mwalimu wa kilimo. Alikuwa anakagua sungura, na alikuwa anacheka. Baada ya sungura ni sisi.

Binti yangu hakulia. Ingekuwa afadhali angelia. Alijipenyeza kwa ule mlango wa kuku, akatoka na mtetea wake wa majivu amemkumbatia, akasimama mbele yangu.

"Baba, huyu nimfiche chini ya kitanda? Wale wengine wapelekwe, huyu asipelekwe."

Katekista alikuwa ameshaingiza koleo kwenye msumari wa kwanza. Nikautazama waya wake. Ulikuwa umenyooka, mzima, haujakatwa, umekazwa juu ya miti kuanzia jikoni mpaka mgombani, upana uleule, urefu uleule aliouzoea. Ndipo diploma ikazungumza. Nilikuwa nimejenga kichanja cha kahawa. Kilikuwa kimesimama kwa ubavu tu.

"Acha!" nikapiga kelele. "Usiung'oe. Tulilaze!"

"Tulaze nini?"

"Banda! Tulilaze chali. Waya uje juu, umwage kahawa yako. Kuku wabaki chini."

Katekista akanitazama, akalitazama banda, akatazama madebe yanayochuruzika. Nadhani alisali kidogo. Kisha akawaita watoto wake wote. Mke wangu akaja na mwiko, wanunuzi wawili waliokuwa wakipita wakavutwa mashati, hata kaka, aliyekuwa amerudi kushuhudia aibu yangu, akajikuta ameshika pembe.

"Sukuma juu!"

"Kuku je?"

"Watatembea!"

Na kweli walitembea. Banda lilivyokuwa likiinuka na kuinamia nyuma taratibu, kuku wakawa wanapanda: kutoka kwenye udongo kwenda kwenye mianzi, wanatembea kama watu wanaopanda ngazi, jogoo mbele akilalamika, vifaranga nyuma. Banda lilipotua chali, ukuta wa mianzi ulikuwa sakafu na kuku wote walikuwa wima juu yake, wameshtuka tu. Waya sasa ulikuwa juu. Pande mbili ndefu, kule kulikokuwa na paa na kule kulikokuwa na udongo, zilibaki wazi kabisa.

"Tundu!" binti yangu akasema. Akakimbilia ndani, akatoka na wavu wa babu yake.

Tulizungusha wavu ule pande zote mbili, tukaufunga kwa kamba za mgomba, na ulitosha. Sijui mama mkwe aliujuaje urefu. Katekista akamwaga kahawa yake juu, nyeupe, ikitiririsha maji. Kuku wakanyeshewa kidogo, wakajikung'uta. Mke wake alikuwa bado anaisambaza kwa mikono mwalimu alipoingia uani na fimbo yake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Haya, nimefuata kuku. Banda liko wapi?"

Aliuliza hivyo akiwa amekiegemea kichanja kwa kiwiko. Jogoo wa mama mkwe akanyoosha shingo kupitia wavu akamdonoa kamba ya kiatu.

Mwalimu akaruka, akainama, akachungulia. Akatembea mpaka mgombani akiwa ameinama, akarudi akiwa ameinama vilevile.

"Hii ni nini?"

Nikafungua mdomo, lakini binti yangu alinitangulia. Alikuwa bado na mtetea kifuani.

"Mwalimu, kahawa juu, kuku chini. Mchana kahawa inawapa kivuli. Usiku tunaifunika turubai, na kuku nao wanakuwa wamefunikwa. Kahawa inayodondoka haipotei, na kinyesi tunakizoa tunapeleka shambani kwenye kahawa."

Turubai hatukuwa nalo. Katekista akakohoa, akasema, "Turubai ni langu. Linakuja."

"Na nani amebuni?"

"Mimi," nikasema.

"Alikwama," kaka akasema.

"Waya ni wangu," katekista akasema.

Mwalimu akaitia fimbo kwapani. Kisha akampapasa mtetea kichwani, akasema kuku hawa wasihamishwe, hapa pana mradi mara mbili, na kwamba wanafunzi wengine wataletwa kuangalia. Binti yangu akamweka mtetea ndani kwa mlango wake mdogo. Mlango sasa ulikuwa umelala ubavu, lakini kuku hakuuliza. Baada ya mwalimu kwenda ndipo mtoto alipolia, na mimi nikaenda kuangalia kitu fulani nyuma ya mgomba.

Msimu ule kahawa ya katekista ilikauka juu ya banda langu na ikapanda lori la kwanza. Na malori yale yalikuja na watu wao, wapakiaji na madereva, wenye fedha mfukoni na njaa ya nyama. Jogoo wachanga wa binti yangu walikuwa barabarani kwa wakati unaofaa. Tuliuza majogoo wote wa fungu letu isipokuwa mmoja, mitetea tukawabakiza, na kwa fedha hiyo tukashuka Mbinga, ambako madukani vitu vilikuwa vimejaa kama havikuwahi kukosekana, tukanunua waya wetu na bati zetu. Nikajenga banda la pili. Hilo nililijenga likiwa limelala tangu mwanzo.

Halafu ikaja siku ya kulipa.

Ningeweza kurudisha vitu kimyakimya, kimoja kimoja. Lakini waliosema sitaweza hawakusema kimyakimya. Nikavaa suti ya kijivu. Nikapakia toroli langu: waya wa katekista umesuguliwa na kuviringishwa, nyundo na msumeno wa kaka, turubai lililokunjwa, na juu yake redio ikiimba. Binti yangu alitembea mbele na tenga. Nilipita njia kuu ya kijiji, na pale penye watu nilipita polepole.

Katekista aliukunjua waya wote barazani, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akaupitishia kidole. "Mzima," alisema. "Unanuka kuku, lakini mzima." Nikampa mtetea mmoja kwa ajili ya harufu.

Kaka alikuwa na bati zake tangu zamani, lakini nilikuwa nimezitoboa kwa misumari, au tuseme alizitoboa mwenyewe, na mvua ya kwanza ingemnyeshea mashine. Nikamletea lami ya kuzibia, na jogoo. Akampima jogoo kwa mkono, akanitazama kuanzia viatu mpaka kola.

"Mdogo wangu," alisema, "lile banda la kulala, mtu akitaka ramani yake inakuwaje?"

"Inapangwa," nikamwambia. "Lete shimo moja la ngolo tubadilishane." Akacheka mpaka jogoo akamponyoka.

Sikutaka deni lolote lilale, kwa hiyo siku hiyohiyo tulidaka lori linaloshuka ziwani, mimi, binti na tenga. Mama mkwe tulimkuta ufukweni akigeuza usipa kwenye kichanja cha mianzi. Nilikaa kando kama inavyostahili. Binti akamkabidhi mitetea watatu, yule wa majivu akiwa wa mwisho, na jogoo mwekundu, wazima, na nusu ya vifaranga, na wavu wa babu umekunjwa. Akahesabu. Kisha nikamtuma mtoto na kuku mmoja wa ziada, mtetea mweupe, wa kwetu wenyewe. Katika ukoo wao mkwe akileta kuku wa banda lake, mama mkwe akampokea, ile desturi ya kutumiana mtu wa kati huishia hapo. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Nami nilisubiri miaka yote hiyo kwa sababu sikuwa na banda.

Mama mkwe akamshika mtetea kwa miguu, akampima uzito, akamweka kwapani. Akanigeukia. Kwa mara ya kwanza alinitazama usoni.

"Mkwe wangu," alisema, "siku ile nilipokukuta umepiga magoti nyuma ya waya, nilitaka kukutupia pumba."

"Ningezila, mama," nikamjibu. "Lakini lingekuwa deni, na mimi leo sidaiwi na mtu."